Bwana Afya na Ukumbi wa Soni

Kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia kilikuwa na rangi ya zambarau. Ulikuwa wino wa mhuri aliogongea nyama machinjioni, na haukutoka hata Jumapili, alipofungua kitabu cha nyimbo kanisani mbele yetu sisi vijana wa benchi la nyuma. Kwa kidole hicho alipangusa kila meza, kila rafu na kila mdomo wa kikombe kuanzia Mombo mpaka Lushoto, akakitazama, akakinusa, ndipo akatoa hukumu. Jina lake tulilijua lakini hatukulitumia. Alikuwa Bwana Afya tu. Mkewe naye alimwita Bwana Afya, na nilipokuwa mdogo nilidhani hata mama yake mzazi alimwita hivyo.

Nimemkasirikia mtu huyu kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote. Nalisema hili mapema, msomaji asije akadhani naandika ili kumsifu.

Mwaka wa harusi yangu nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimefanya kazi ya mkonge Korogwe nikaiacha, nimekuwa karani wa ghala Tanga nikaiacha. Baba yake Naomi aliniita "mpita njia", mbele yangu, wala hakushusha sauti. Naomi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale kwetu, na barua ya uhamisho ilikuwa imemfikia: mwisho wa mwezi awe ameripoti Rukwa. Afisa mmoja alimwambia kwamba njia iliyobaki ni moja, alete cheti cha ndoa kabla ya siku hiyo, aachwe karibu na mumewe. Matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yamesomwa kanisani Jumapili mbili. Ilibaki Jumapili moja ya kutangazwa na Jumamosi moja ya kufunga ndoa. Tukiikosa Jumamosi ile, Naomi anapanda basi.

Moyo wangu ulikuwa tayari, na mchungaji alikuwa tayari. Kilichokosekana ni vitu. Ilikuwa ile miaka ambayo ukiona watu wamepanga mstari unaungana nao kwanza, ndipo unauliza kinachouzwa. Sukari ilitoka kwa kibali, mchele kwa kibali, na kitambaa cha suti ulikisikia tu kwa waliotoka Dar es Salaam. Mama yangu ndiye aliyetoa wazo.

"Mchukue Bwana Afya muende naye," alisema. "Hakuna duka wala hoteli asiyoijua. Akikwambia hapa pana kitu, pana kitu."

Ni kweli aliyajua maduka yote. Mama hakuwaza kwamba maduka nayo yalimjua.

Alikuwa na baiskeli ya serikali ambayo, kwa milima yetu ilivyo, aliisukuma zaidi kuliko alivyoipanda. Watu walisema baiskeli ile ni rafiki yake anayetembea naye. Nyuma alifunga mkoba wenye tochi, mhuri, kidau cha wino na daftari la nakala. Siku ya kwanza tulipokwenda Soni kukagua mambo ya harusi yangu, nilimwomba auache mkoba nyumbani. "Mzee, leo hatuendi kazini. Leo unanisindikiza tu."

"Nakusindikiza," alisema, akaendelea kuukaza kamba.

Hakuwahi kuingia dukani kwa mlango wa mbele. Hiyo ilikuwa tabia yake ya kwanza, na ndiyo iliyonitia aibu kuliko zote. Mwenye mgahawa pale sokoni, mama mnene aliyekuwa amekubali kutupikia pilau, alitoka na kutandika kitambaa mezani.

"Karibu Bwana Afya! Karibuni! Chai ya rangi au ya maziwa?"

"Karo la vyombo liko wapi?"

"Jamani, si ukae kwanza? Leo umekuja na bwana harusi."

"Mbele nitapaona nikitoka. Nipeleke nyuma."

Wakaenda nyuma. Nilibaki na chai yangu, nikisikia sufuria zinainuliwa na kuwekwa. Waliporudi, mama yule alikuwa amenuna na Bwana Afya alikuwa anapangusa kidole kwa leso. "Maji anayoyatumia anayaacha wazi," aliniambia tukiwa bado hatujafika mlangoni, kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma matangazo ya chanjo. "Tafuta mpishi mwingine."

"Mpishi mwingine ni nani, Mzee?"

"Hilo ni lako. Mimi nimekagua."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kukataa alikataa haraka, kuonyesha pa kwenda hakuonyesha. Fundi cherehani wa kule Lushoto, aliyekuwa na kipande cha kitambaa cha kijivu alichokificha tangu Krismasi, alipimwa yeye badala ya kunipima mimi. Bwana Afya aliona ameshika pini kwa midomo. Akamwuliza kama anakohoa. Fundi akasema hakohoi. Akamwuliza nani mwingine anazishika pini hizo kwa midomo. Fundi akaacha futi shingoni mwangu, akasema kitambaa amekumbuka kuna mtu alishakiomba.

Nadhani mtu wa namna hii angekuwa rahisi kumchukia kama angekuwa mkali kwa watu wote na kwa mambo yote. Lakini yeye alikuwa na mianya yake. Mahindi ya kuchoma ya kando ya barabara aliyala kutoka kwa mkono wa mtu yeyote, uwe na tope, uwe na mbolea. Nilipomwuliza, alisema, "Moto umenitangulia kukagua." Jumamosi alipanda mpaka Mgwashi kwa shemeji yake kunywa dengelua, ile pombe yetu ya miwa, na kibuyu kilizunguka midomo ya wazee wote kabla ya kumfikia. Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa, akampa wa pili. Siku moja kijana mmoja mwenye ulimi mrefu akamwambia, "Mzee, kibuyu hicho hujakipangusa mdomo." Akajibu bila kumtazama, "Leo Bwana Afya hayupo. Umemkosa."

Hongo hakula. Hili nalisema kwa shingo upande, maana ndilo lililoniumiza. Tulikwenda duka moja ambalo mwenyewe aliniahidi sukari na mchele wa harusi, kibali changu kikiwa mfukoni. Nje palikuwa na mstari wa akina mama waliokuja na mifuko mitupu na kuambiwa hakuna kitu. Mwenye duka alipomwona Bwana Afya anazunguka kwenda nyuma, alimwahi, akamshika mkono kwa upole, akampenyezea mche wa sabuni uliofungwa kwa gazeti. Sabuni! Kwetu wakati ule tulikuwa tunafulia majivu. Bwana Afya alifungua gazeti, akaiweka sabuni juu ya kaunta, mahali panapoonekana na kila mtu.

"Vizuri," alisema. "Sasa nawa mikono. Unashika sukari ya watu."

Mama mmoja nje akapaza sauti: "Kumbe sabuni ipo!"

"Ipo, mwenzangu! Ipo nyuma!"

"Jana katuapia kwa Mungu!"

Akina mama wakaingia. Ilibidi mwenye duka afungue stoo yake siku ile ile, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na kila mtu akapata kipande. Bwana Afya alisifiwa mpaka Bumbuli. Nami nilirudi nyumbani bila sukari wala mchele, kwa sababu mwenye duka aliapa kwamba aliyemletea balaa lile ni mimi. Mama alinipa kipande cha sabuni alichopata, akaniambia nioge nacho siku ya harusi. "Angalau utang'aa," alisema.

Kuna neno lake moja ambalo sina budi kulieleza, maana yote yaliyonipata yamelizunguka. Bwana Afya hakujua kusema kitu ni kizuri. Kwake kulikuwa na "funga", kulikuwa na "rekebisha", na juu kabisa, mahali ambapo watu wengine wana "safi" na "bora" na "hongera", yeye alikuwa na "si mbaya". Mwenye bucha mmoja wa Soni aliambiwa maneno hayo mara moja katika miaka yote. Alifunga bucha mapema siku hiyo akaenda kumweleza mkewe. Baadaye tulipokwenda kwake kuulizia nyama ya harusi, alinivuta pembeni akaninong'oneza kama mtu anayeonyesha cheti: "Kaniambia si mbaya. Mimi! Waulize wenzangu kama yupo mwingine." Wageni hawakulielewa neno hilo. Sisi wa pale tulilielewa.

Sasa ukumbi. Soni palikuwa na jengo la mlowezi mmoja wa zamani, mlowezi mwenyewe alishaondoka, likawa la kijiji. Lilikuwa na sakafu ya mbao. Nikiwa shule ya msingi niliwahi kusimama dirishani pale kutazama watu wakicheza dansi, nikasikia viatu vinavyolia juu ya mbao zile, na tangu siku hiyo nilijua nitaoa katika jengo lile. Sikumwambia mtu sababu. Baba yake Naomi alisema uwanja wake unatosha, umezungukwa na migomba, majirani wataleta mabenchi. Nilimjibu kwamba harusi yangu haitafanyika kati ya migomba kama kikao cha kugawa mbegu. Naomi alinitazama. Tulipokuwa njiani ndipo aliposema, "Mimi nataka cheti. Wewe unataka mbao."

"Nataka vyote," nikamwambia.

Niliomba ukumbi kwa mwenyekiti wa kijiji, akasema hana neno. Kwa kuwa wakati ule tambarare kulikuwa na habari za kipindupindu, akasema tu Bwana Afya apatazame kwanza. Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nilikwenda kumwomba. Laiti ningeazima funguo nikanyamaza.

Aliniambia nisiende naye. "Ukiwepo unapumua sana," alisema. Ilikuwa Jumatano. Alhamisi mchana kondakta wa basi alitushushia kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari lake la nakala. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, umesimama kama askari. Aliandika hivi: "Kijana. Ukumbi wa Soni nimeufunga. Msihangaike nao tena. Wako, Bwana Afya."

Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Mtu wa kwetu akikwambia jambo amelifunga, mkataba ameufunga, maana yake limekwisha, lipo mikononi. Nami nilikuwa na kiu ya kusikia hivyo. Nilikisoma kikaratasi mara nyingi, na kila mara nilimwona Bwana Afya amekaa na mwenyekiti, wanapeana mikono. Nilisema hata kwa sauti, "Kumbe mzee ana utu." Baba yake Naomi nilimpelekea kikaratasi akisome mwenyewe. Akakisoma, akavua miwani, akasema, "Basi. Mpita njia kapata mahali."

Ijumaa asubuhi tulishuka Soni, mimi, mama, Naomi na majirani, na masufuria ya kuazima, na ndizi, na maua meupe ya kupamba madirisha. Tulikuwa tunaimba. Kwenye mlango wa ukumbi palikuwa na kufuli jipya, na juu ya kufuli karatasi imegongwa mhuri wa zambarau.

Yeye alikuwa amekaa kwenye ngazi, baiskeli imeegemea ukuta. Alikuwa anatungoja, au alikuwa anailinda karatasi yake, mpaka leo sijui.

"Mzee," nilisema, "hii ni nini?"

"Shimo la choo limetitia upande wa mfereji. Maji yote ya watu wa chini yanapita hapo. Siwezi kuleta watu hapa."

"Uliniandikia!"

"Nilikuandikia."

"Uliandika umeufunga!"

Alitazama mlango, akanitazama mimi. "Sasa huoni kufuli?"

Mmoja wa majirani alicheka. Hakukusudia, kilimtoka tu, na wengine wakafuata, mpaka mama akageuka akawatazama. Mimi sikucheka. Bwana Afya alisimama, akapangusa kaptula yake, akaniambia maneno ambayo nimeyarudia kichwani katika kila basi nililopanda tangu siku ile.

"Jana jioni nimepita kwa mkweo, sikumkuta mtu. Nimeukagua uwanja wake, na kisima, na choo, na jiko. Si mbaya."

Mimi niliyemsikia mwenye bucha akininong'oneza. Mimi niliyejua thamani ya neno lile kuliko kijana yeyote wa Soni. Nililisikia kama angelisikia mtu aliyeshuka jana kutoka Mombo. Si mbaya! Nikaona migomba, mabenchi, watu wanakanyaga tope. Nikaona nahurumiwa.

"Kama si mbaya, kaolee wewe," nikamwambia. Mtu mzima, wa rika la baba yangu. Mama alishika kichwa.

Naomi aliweka maua chini. "Twende kwa baba," alisema. "Tufike mapema tufagie."

"Tutaahirisha wiki moja," nikasema. "Watarekebisha choo."

"Wiki moja sina."

"Nitakufuata huko huko Rukwa."

Aliinama akachukua ua moja, akalishika kama mtu anayeshika kitu cha mtu mwingine, akapanda barabara ya kwenda kwao. Jumamosi ilipita nikiwa nimelala kitandani nimefunga dirisha. Baadaye niliambiwa kwamba baba yake alifagia uwanja asubuhi ile hata hivyo, na kwamba mchungaji alipita kuuliza. Mwisho wa mwezi Naomi alipanda basi. Nilikwenda kumuaga. Alinipa mkono kama anavyompa mzazi wa mwanafunzi wake.

Sikumfuata Rukwa. Nilikwenda Tanga tena, kisha Moshi, kisha Tabora, na miji mingine ambayo sikudumu humo hata kuwajua majirani. Habari za Naomi zilinifikia, ameolewa na mwalimu mwenzake, ana watoto. Nilimlaumu Bwana Afya katika kila nyumba niliyopanga. Nilisimulia kisa cha kufuli kwenye vilabu vya pombe, watu wakacheka, nami nikajifunza kukisimulia vizuri zaidi ili wacheke zaidi. Sehemu ya uwanja sikuisimulia.

Mwaka jana nilirudi Lushoto kwa msiba wa mama. Baada ya mazishi nilipanda Mgwashi, alikohamia Bwana Afya. Nilijiambia kwamba nakwenda kumwona mzee kabla hajafa. Ukweli ni kwamba nilikwenda kudai kitu, sijui hata ni nini.

Alikuwa amestaafu, macho yamefifia, amejifunga blanketi, amekaa jikoni karibu na moto kwa sababu ya baridi. Baiskeli ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya majembe. Nilimpa shikamoo, akaipokea, akauliza ni nani. Nilipotaja jina la mama yangu alivuta blanketi. "Pole, kijana. Mama yako alikuwa anachemsha maji," alisema. Nilielewa kwamba amemsifu sana.

Mkewe alileta chai. Nilikipokea kikombe na, kabla ya kunywa, kidole changu kilizunguka mdomo wake. Nafanya hivyo kila mahali. Sijui nilianza lini.

Alicheka. Macho hayaoni lakini aliusikia ule mlio mdogo wa bati. "Kidole hicho ulikichukua kwangu."

"Sikuchukua kidole tu, Mzee. Nilipoteza vingi kwako." Nikamwambia yote, kama nilivyokuwa nimeyapanga njiani: kikaratasi, kufuli, vicheko, Rukwa. Aliacha niongee mpaka nikaishiwa. Moto ulihitaji kuni, mkewe akaongeza, akatoka nje.

"Mimi nilifunga choo," alisema hatimaye. "Ukumbi ulikuwa hapo hapo na choo. Watu wa chini walikunywa maji yao, hakufa mtu. Hilo nitaulizwa, nitalijibu." Akanyoosha mkono kutafuta kikombe chake, nikamsogezea. "Wewe nilikwambia uwanja wa yule mzee si mbaya. Katika maisha yangu ya kazi nimelisema neno hilo kwa watu wangapi?"

"Wachache, Mzee."

"Ulijua?"

Nilitaka kusema sikujua. "Nilijua," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, akanywa chai. Nilikuwa nimepanda mlima ule na hasira ya miaka, na sasa sikuwa na mahali pa kuitua, wala sikuwa na mtu wa kumrudishia. Kidole chake kilikuwa safi, zambarau ilishatoka yote. Nilikumbuka basi la mwisho la kushuka Soni, nikaanza kujivuta niage.

"Na tangu hapo," aliuliza, "umeoa?"

"Bado, Mzee. Natafuta."

Aligeuza uso upande wangu, na macho yake yale yasiyoona yakatulia usoni kwangu kama yalivyokuwa yakitulia juu ya meza za watu.

"Ukumbi?" akauliza.